Kesi ya Mkebe wa Bibi

Shangazi alishuka kwenye pikipiki iliyomleta kutoka Kindu na sharti moja mdomoni: ndoa ya mdogo wangu haifungwi mpaka mkebe ushushwe. Hakunywa hata maji. Katika ukoo wetu wa Lusangi, kijana anayeoa huongeza juu ya mahari reale moja ya Bibi, na reale hiyo hutunzwa na mama wa bibi harusi. Haiuzwi wala haitobolewi. Baba yangu alioa hivyo, na Baba Mkubwa kabla yake.

Mkebe wenyewe ulikuwa wa maziwa ya unga, na ulikaa juu ya uchaga wa jikoni, kati ya mbegu za mahindi na samaki wa kukausha. Bibi aliuweka pale tangu miaka ya vita, tuliporudi kutoka porini na kukuta nyumba haina mlango. Alifikiri kwamba mwizi hupekua chumba cha kulala na hawezi kukumbuka moshi wa jikoni. Kwa wezi alikuwa sahihi. Ila chini ya uchaga ule, miaka yote, mpishi alikuwa mmoja: mke wa Baba Mkubwa, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa. Yeye ndiye aliyepanda ngazi siku hiyo, akaushusha mkebe kwa mikono miwili, akaufuta masizi kwa kikwembe chake, akauweka juu ya mkeka mbele ya Bibi.

Bibi alifungua. Ndani mlikuwa na sarafu saba za fedha: reale tatu za Maria Theresa, rupia mbili, moja ya faranga tano ya Leopold, na moja ya faranga hamsini yenye picha ya tembo. Hakuna aliyeshangilia. Reale zilikuwa nyeusi, tena weusi wa mistari, kana kwamba mtu alizichora kwa makaa na rula. Faranga ya Leopold ilikuwa na utelezi wa kijani unaonata kwenye vidole. Tembo alikuwa amefubaa, rangi yake imeelekea manjano, na tumbo lake lina matundu madogo yenye unga wa kijani. Reale moja ilikuwa na mstari uliopita shingoni mwa malkia mpaka kwenye herufi za pembeni. Nyingine ilikuwa na jeraha ukingoni, la patasi.

Shangazi aliishika ile yenye mstari, akaiinua juani, akasema, "Hizi sizo."

Akaeleza. Mwaka uliotangulia, chumba cha uani kilipangwa na kijana mnunuzi wa dhahabu, wa wale wanaokwenda na kurudi Salamabila na Namoya wakiwa na mizani ya mfukoni. Kijana yule alikuwa akila kwa Mama Mkubwa. Mtu wa mizani na mtu wa jiko wamekaa ua mmoja, na leo fedha ya ukoo imekuwa hivi. "Moja wameikata kwa patasi waone ndani. Hii wameifua upya, angalia ufa. Na huyu tembo ni bati tu."

Mama Mkubwa hakujibu. Alisimama, akachukua sufuria yake, mwiko wake na mafiga yake matatu, akaenda kuwasha moto nyuma ya nyumba, peke yake. Kuanzia jioni ile ua wetu ulikuwa na majiko mawili. Watoto walikula sombe ya huku na bukari ya kule bila kujua wamekaa upande gani. Baba Mkubwa alikula kwa mkewe, na Shangazi aliliona hilo pia kuwa ushahidi.

Mimi nilifika keshoye kutoka Kasongo. Kabla ya kuolewa nilikaa miaka kadhaa Kigoma, nikisaidia dukani kwa sonara mmoja mzee. Kazi yangu ilikuwa kupokea fedha kuukuu kutoka kwa wanawake waliokuja kuiuza, na kabla ya kuipokea nilitakiwa niseme ni nini, imefanywa nini, na imefanywa lini. Mzee yule alikuwa mkali. Alinifundisha kwamba alama iliyoko juu ya sarafu ina wakati wake wa kuzaliwa: ama ilizaliwa kiwandani pamoja na sarafu, ama ilikuja baadaye mikononi mwa watu, ama ililetwa na mahali ilipowekwa. Nilijua kazi yangu pale uani ni nini.

Lakini nilikuta msiba mwingine umetangulia. Mdogo wangu, bwana harusi mwenyewe, kwa kutaka kumaliza ugomvi, aliamka alfajiri akachukua reale iliyokuwa nzuri kuliko zote, akaisugua kwa limau na majivu, kisha akaimalizia kwa mchanga. Alinipokea nayo mlangoni, ing'aayo nyeupe pe, uso wake una furaha. Niliigeuza polepole kwenye jua. Sarafu iliyotoka kiwandani na kutunzwa ina mng'ao wake, miale inayozunguka unapoigeuza, kwa sababu fedha ilisukumwa kutoka katikati kwenda pembeni wakati wa kupigwa. Kwenye hii miale ilikuwa imekwisha. Palikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, maelfu, ikielekea kila upande mkono wake ulikokwenda. Weusi huondoka kwa njia nyingine. Mikwaruzo haiondoki kwa njia yoyote. Tena weusi wenyewe ulikuwa shahidi, na shahidi mmoja alikuwa ameoshwa.

Nilimwambia hivyo, bila kumpigia kelele. Alikaa chini kwenye kizingiti. Nikamwagiza asiguse nyingine, akaite watu wote, na akamwite kijana wa dhahabu aje na mizani yake.

Kijana alikuja akiwa na hasira, na haki ya hasira alikuwa nayo. Mizani yake ni ile ndogo ya betri, isomayo hadi sehemu ya mia ya gramu. Niliomba kikombe cha maji, uzi na taa. Mama Mkubwa aliitwa mara mbili akakataa, akaja alipoitwa na Bibi, akakaa mwisho wa mkeka.

Nilianza na mstari wa shingoni, kwa kuwa ndio uliobeba kesi. Nilimpa Shangazi ile reale, nikamwomba apitishe ukucha juu ya mstari. Ukucha ulipanda. Nikamwomba apitishe tena kutoka upande wa pili, ukapanda tena. Mstari ule ulikuwa umeinuka juu ya uso wa sarafu. Mtu akikwaruza fedha kwa kisu au msumari hufanya mfereji: ukucha huzama, na kando ya mfereji kuna kingo kali za fedha iliyosukumwa. Hakuna kisu kinachoweza kuongeza fedha mahali isipokuwepo. Mstari ulioinuka hutoka kwenye mhuri wa chuma unaopiga sarafu. Mhuri ukipiga maelfu kwa maelfu huchoka na kupasuka. Fedha, ikigandamizwa, huingia kwenye ule ufa, na kila sarafu inayofuata huzaliwa na uzi mwembamba uliotuna. Ufa ni wa chuma cha kiwandani. Malkia wetu alitoka huko na mstari wake.

"Kiwanda gani?" aliuliza Baba Mkubwa. Yeye siku zote husimulia kwamba reale zile zilipatikana na babu wa babu yake katika siku za Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, na mwanawe Sefu, Kasongo ilipokuwa mji wao, kabla majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis hayajauchukua Aprili 1893. Akaonyesha mwaka ulioandikwa: 1780.

Hapa ilinibidi niseme jambo lisilompendeza, nikalisema kwa adabu. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, na tangu hapo reale zake zimeendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Arabuni walikataa sura nyingine. Vienna imezipiga kizazi baada ya kizazi. Italia ilipojiandaa kuivamia Uhabeshi mwaka 1935 ikazipiga Roma, na baada yake zikapigwa Paris, London, Brussels na hata Bombay. Kwa hiyo 1780 haitoi umri wa sarafu. Na katika siku za Tippu Tip biashara ya kwetu bara ilikwenda zaidi kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ilhali reale zilihesabiwa pwani. Reale iliyofika Maniema ilifika kama akiba au pambo. Baba Mkubwa aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba hata hivyo babu alikuwa nazo, na hilo sikulipinga. Bibi mwenyewe alizikuta nyumbani alipoolewa.

Tukazipima. Reale kamili ina gramu 28.07, na katika kila sehemu elfu, 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Ile yenye ufa ilisoma 27.86, upungufu wa kawaida wa kushikwashikwa. Kisha tukafanya jaribio la maji: kikombe juu ya mizani, mizani ikarudishwa kwenye sifuri, sarafu ikaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikasoma 2.73. Gawanya uzito kwa namba hiyo, unapata 10.2, ambao ndio uzito wa mchanganyiko huo wa fedha na shaba ukilinganishwa na maji. Shaba ya manjano ingetoa nane na kitu, risasi ingepita kumi na moja. Kijana wa dhahabu aliijua hesabu hii kuliko mimi, akaisoma kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie.

Shangazi alihamia kwenye jeraha la patasi. Hilo, alisema, halikuzaliwa kiwandani. Ni kweli, halikuzaliwa huko. Lilikuwa limezama, limeingia ukingoni na kukata herufi mbili za maneno ya Kilatini yaliyozunguka pembeni, yanayotaja haki na huruma. Maandishi yale yanayotuna ukingoni yaliwekwa ili mtu akinyoa fedha kidogo kidogo aonekane. Kukata kwa patasi ni desturi ya kale ya wafanyabiashara walioogopa sarafu ya bati iliyopakwa fedha: unakata, unaangalia rangi ya ndani. Swali letu lilikuwa ni lini. Nikaleta taa karibu. Ndani ya jeraha palikuwa peusi sawasawa na nje, hapakuwa na mng'ao wa fedha iliyokatwa juzi. Na mmoja wa ile mistari myeusi ulipita juu ya jeraha, ukashuka ndani yake, ukapanda upande wa pili bila kukatika.

Nikamuuliza Bibi alizifunga kwa kitu gani. Akasema alizipanga reale tatu pamoja, akazizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ule ule ambao watu wa njia ya Kabambare hufungia mchele na madumu ya mawese. Vipande vyenyewe vilikuwa bado ndani ya mkebe, vimekauka na kukatikakatika. Mpira hupikwa na salfa ili uwe imara, na salfa hiyo haitulii. Hutoka polepole, hasa penye joto, ikishika fedha huigeuza nyeusi. Weusi huwa mkali pale mpira ulipogusa, hafifu pale ulipoishia. Nikachukua kipande kipana kuliko vyote, nikakilaza juu ya mstari mpana kuliko yote. Vikalingana. Kwa hiyo jeraha lilikuwepo kabla ya mpira, na mpira uliwekwa na Bibi kwa mkono wake, kabla kijana wa mizani hajaijua Lusangi.

Uani palikuwa na watu wengi kufikia hapo. Majirani waliacha kujificha nyuma ya ua wa matete wakaingia.

Leopold tulimtoa haraka. Ni sarafu ya 1896, ya Dola Huru ya Kongo, gramu 25, fedha sehemu 900 kwa elfu. Bibi aliithamini mno, akaiweka peke yake kwenye kile kimfuko laini cha plastiki ambacho watu huhifadhia kadi ya uchaguzi. Plastiki ile hulainishwa kwa dawa, na dawa hutoka jasho miaka ikipita, ikakusanya ule utelezi wa kijani ambao hula shaba iliyomo ndani ya fedha. Utelezi wa namna hii huondoka kwa asetoni safi, bila kusugua, nami niliuondoa baadaye. Chini yake nywele za mfalme juu ya sikio zilikuwa bapa. Shangazi akasema zimesuguliwa. Zilikuwa bapa, ndiyo, lakini hazikung'aa. Palipolika kwa vidole huwa laini na hung'aa, na hapa palikuwa na ukavu wa kisahani cha fedha ambacho hakijapigwa mhuri, na upande wa pili wa sarafu, mahali pale pale kwa mgongo, ngao nayo ilikuwa hafifu, wakati herufi za pembeni zilisimama kali. Mhuri haukushuka kwa nguvu za kutosha. Fedha haikujaza pande zote mbili. Hili nalo ni la kiwandani.

Tembo alihitaji maneno zaidi, maana kweli anafanana na bati. Faranga hamsini ya 1944 ilipigwa Pretoria, Ubelgiji ikiwa bado vitani. Ina gramu 17.5, na fedha ni nusu tu. Sarafu yenye nusu ya madini mengine haiwezi kuwa nyeupe kama reale, wala haivumilii kama reale. Na mkebe ule, maziwa yalipokwisha na kabla haujawa wa sarafu, ulitumika kuhifadhi chumvi. Bibi aliukung'uta, hakuuosha, kwa kuwa alikuwa na haraka. Chumvi iliyobaki chini ilivuta unyevu kila masika, ikala shaba ya tembo na kuacha matundu. Matundu hayo hayazibiki. Unga wa kijani unaweza kusimamishwa kwa kulowesha sarafu katika maji safi yasiyo na chumvi, ukiyabadilisha mara kwa mara, kisha kuikausha kabisa. Nilimwonyesha mdogo wangu jinsi ya kufanya, akaishika kazi hiyo kwa bidii ya mtu anayelipa deni.

Zilibaki rupia mbili. Moja ni ya Wajerumani, Kaizari Wilhelm na kofia yake yenye tai, simba nyuma, 1890. Haikuwa na neno. Nyingine ni ya India, ya Malkia Victoria, na juu ya kichwa chake, ukingoni, palikuwa na donge dogo la kijivu. Shangazi alilinyooshea kidole: risasi. Nikasema ni lehemu, mahali palipowahi kuunganishwa pete ya mkufu. Kwa mnunuzi wa sarafu hii imeharibika. Bibi akaomba aishike. Akasema mama yake aliivaa kifuani, na siku pete ilipokatika yeye mwenyewe, akiwa mtoto, ndiye aliyetumwa kuitafuta kwenye majani ya muhogo. Shangazi hakuijua habari hiyo. Kwa miaka yote aliyolelewa katika nyumba ile hakuwahi kuisikia, na nilimwona akimtazama mama yake kwa namna nyingine.

Nayaandika haya kwa uchungu kwa sababu najua idadi ya mikebe iliyoko juu ya uchaga kati ya Kasongo na Kabambare si ndogo. Fedha ya zamani kwetu inauzwa kwa gramu kwenye mizani ya dhahabu, inayeyushwa, inakuwa hereni. Anayeuza anaambiwa sarafu yake ina kasoro, ina ufa, imeoza, apokee nusu. Hajui kwamba ufa uliotuna haupunguzi hata chembe ya fedha, na kwamba kuna watu wanaoutafuta. Na katika nyumba, ambako hakuna mnunuzi wa kudanganya, alama hizo hizo zinavunja mafiga.

Shangazi alikiri mbele ya watu. Alisema amekosea, akamwomba Mama Mkubwa mkono. Mama Mkubwa hakuutoa. Alisema yeye hataki mkono, anataka daftari.

Bibi alikuwa ametangaza kwamba mkebe utabaki mikononi mwa Mama Mkubwa kama zamani. Mama Mkubwa akajibu, kwa heshima lakini bila kulegeza, kwamba hatapokea sarafu hata moja ambayo haijaandikwa: jina lake, mwaka wake, uzito wake, na kila alama iliyo juu yake, ipi ni ya kiwandani, ipi ni ya mtu, ipi ni ya mkebe. Asije mwingine kutoka Kindu, au Goma, au Ulaya, akainua moja juani akasema sizo. Likaletwa daftari la shule. Kijana wa dhahabu alipima, mimi nilisoma alama, mdogo wangu aliandika. Alipofika kwenye reale aliyoisugua, Mama Mkubwa alimwamuru aandike pia nani aliisugua na kwa nini. Aliandika. Mwishoni Shangazi alitia sahihi kwanza, kijana wa dhahabu akafuata kama shahidi, Bibi akaweka dole gumba.

Sarafu sasa zimefungwa moja moja katika karatasi nyeupe iliyokunjwa, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, chumbani, mbali na moshi na mbali na mpira. Weusi wa reale tumeuacha, maana haudhuru tena. Mafiga yalirudi mahali pake usiku ule, na Shangazi ndiye aliyeyabeba.

Ilibaki kuchagua reale ya ndoa. Mdogo wangu alidhani Bibi atatoa ile nyeupe, kwa kuwa inapendeza machoni. Bibi alichagua yenye ufa shingoni. Siku ya kutoa mahari niliambatana nayo, nikamweleza mama wa bibi harusi mstari ule ni nini, nikampa apitishe ukucha. Alipitisha, akaita dada zake nao wapitishe, kila mmoja. Kisha akauliza kama lile daftari limekuja, maana yeye pia anataka ukurasa wake uandikwe kabla hajaipokea.